Ladha Iliyopewa Jina: Divai ya Haut-Brion na Waonjaji Wake

Watakuwapo wasomaji watakaouliza jarida la visiwani lina shani gani na divai ya Wafaransa. Swali hilo ni la haki. Hukumu ya kileo katika miji yetu inafahamika, na makala haya hayaji kuipinga wala kuitafutia njia ya panya. Kinachotafutwa hapa ni kitu kingine: ni vipi ladha, ambayo ni jambo la ulimi mmoja na la muda mfupi mno, hugeuka kuwa neno, neno likawa jina, na jina likawa mali ya kurithiwa, kuuzwa na kugombaniwa. Wapenzi wa ushairi, ambao siku zote wamo katika kukamata kwa maneno kile kisichokamatika, hawatakuwa wageni katika jambo hili. Ibn al-Farid, aliyefariki Cairo mwaka 1235, alitunga kasida nzima ya mvinyo na wala hakukusudia mvinyo wa zabibu. Na Abu Nuwas, yule ambaye hadithi zetu zimemgeuza kuwa Abunuwasi mjanja wa mjini, alikuwa katika Baghdad ya Harun al-Rashid mshairi aliyekusudia hasa huo wa zabibu.

Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wake. Tulimsikia Mreno akisema vinho, tukasema mvinyo. Akasema pipa, nasi tukasema pipa, wala hatukubadilisha hata herufi moja. Karne zikapita, akaja Mfaransa na du vin yake, likazaliwa neno divai. Maneno mawili ya kitu kimoja, yaliyoletwa na mataifa mawili ya mabaharia, na kila moja likachukua njia yake: mvinyo likaelemea kwenye kileo kikali, divai likabaki na maji ya mzabibu. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote pwani hii asionje hata tone moja, na ulimi wake ukawa umeshapitiwa na historia ya divai kwa njia ya maneno.

Divai tunayoizungumzia inatoka Haut-Brion, shamba lililopo Pessac, kusini-magharibi ya jiji la Bordeaux. Iko hati ya Januari 1521 inayotaja divai ya mahali hapo, na shamba lenyewe huhesabu umri wake kuanzia hati hiyo. Mwaka 1525 Jean de Pontac, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara na wenye vyeo, alimwoa Jeanne de Bellon, na sehemu ya ardhi hii ikaingia mikononi mwake pamoja na mke. Mwaka 1533 akainunua nyumba ya ubwana ya Haut-Brion, na baada ya hapo akajenga kasri ambalo hadi leo linaonekana katika karatasi ya kila chupa. Husimuliwa kwamba alioa mara tatu, akapata watoto kumi na tano, na akafariki mwaka 1589 akiwa amepindukia miaka mia. Wenyeji wa Bordeaux hupenda kusema ni divai iliyompa umri. Mimi nadhani umri mrefu ulimpa yeye nafasi ya kununua vipande vya ardhi kimoja baada ya kimoja, na hilo ndilo lililokuwa na manufaa kwa divai.

Ni lazima ikumbukwe kuwa wakati huo hapakuwa na desturi ya kuiita divai kwa jina la shamba. Bordeaux ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Uingereza tangu ndoa ya Eleanor wa Aquitaine na Henry Plantagenet mwaka 1152 hadi vita vya Castillon mwaka 1453, na katika karne hizo tatu meli zilibeba kwenda London divai nyekundu hafifu, ya rangi iliyokaribia waridi, ambayo Wafaransa waliiita clairet. Ilinywewa ndani ya mwaka wake kwa kuwa ikikaa ilichacha. Divai ya mwaka uliopita ilishuka bei mara tu mpya ilipowasili. Mnywaji aliuliza imetoka bandari gani, labda imetoka wilaya gani; hakuuliza imetoka shamba la nani. Ilikuwa kama mchele sokoni: mtu huuliza kama ni wa Mbeya au wa ng'ambo, haulizi jina la mkulima.

Mtu aliyeivunja desturi hiyo ni Arnaud de Pontac, wa tatu kwa jina hilo, aliyezaliwa mwaka 1599 na akawa rais wa kwanza wa parlement ya Bordeaux, ambayo licha ya jina lake ilikuwa mahakama kuu, si bunge. Huyu alikuwa na fedha, alikuwa na cheo, na alikuwa na subira. Wanahistoria humnasibisha na utunzaji mpya: kuyajaza mapipa kila divai inapopungua ili hewa isipate nafasi, na kuihamisha divai kutoka pipa hadi pipa ili iachane na machicha yake. Matokeo yake yalikuwa divai nzito zaidi, nyeusi zaidi, iliyoweza kukaa. Kisha akafanya la pili, nalo ndilo kubwa zaidi: aliiuza kwa jina la shamba lake. Mwaka 1660, mara tu Charles wa Pili aliporejeshwa katika kiti cha ufalme, jina la Haut-Brion linaonekana, kwa maandishi yaliyopotoka, katika daftari la ghala la divai la mfalme huyo.

Ndipo tunapomfikia Samuel Pepys. Alikuwa karani wa idara ya jeshi la majini, kijana wa miaka thelathini, mpenzi wa muziki, wanawake, vitabu na chakula, na kila usiku aliandika shajara kwa hati mkato ambayo haikusomeka kwa watu wa kawaida hadi ilipofumbuliwa katika karne ya kumi na tisa. Tarehe 10 Aprili 1663 aliingia na wenzake katika taverna ya Royal Oak, katika mtaa wa Lombard jijini London, akanywa divai ya Kifaransa ambayo jina lake aliliandika kama alivyolisikia: Ho Bryan. Akasema ilikuwa na ladha nzuri, na zaidi ya hivyo ilikuwa ladha ya peke yake, ambayo hajapata kukutana nayo popote.

Wanahistoria wa divai hulitazama andiko hilo dogo kwa heshima kubwa, na nadhani hawakosei. Pepys hakusema divai ni tamu, wala kali, wala haikumlewesha upesi, mambo ambayo wanywaji walikuwa wakiyasema tangu enzi za Nuhu. Alisema haifanani. Kutambua kuwa kitu hakifanani na vingine ndio mwanzo wa kukipa jina, na tazama jinsi jina na ladha vilivyofika katika sentensi moja, vimeshikana mikono. Huyu hakuwa mjuzi wa mizabibu. Hakujua hata kuliandika jina la shamba. Alikuwa na ulimi uliokuwa macho, na alikuwa na tabia ya kuandika kabla hajasahau, na hizo ndizo sifa mbili ambazo hata mshairi hawezi kufanya kazi bila ya kuwa nazo.

Miaka mitatu baadaye London iliungua. Katika jiji lililokuwa likijengwa upya, familia ya Pontac iliona nafasi, na Arnaud akamtuma mwanawe François-Auguste kufungua nyumba ya kula na kunywa iliyojulikana kama Pontack's Head, ambako kichwa cha baba kilichorwa katika kibao cha mlangoni. Ikawa mahali pa watu wa hali ya juu na wa akili. Wanachama wa jumuiya ya kifalme ya sayansi walikula chakula chao hapo kwa miaka mingi. Leo tungeiita biashara ya kujitangaza, na pengine ndivyo ilivyokuwa, lakini mtangazaji wa zama hizo alilazimika kukaa mezani na mteja wake.

Aliyefuata kuipeleleza ladha hiyo alikuwa mwanafalsafa. John Locke, ambaye kifua chake kilimpeleka Ufaransa kutafuta hewa njema, alifika Haut-Brion mwezi Mei 1677. Ingetarajiwa kwamba mtu aliyeshikilia kuwa maarifa yote huanzia katika hisi angeandika kurasa juu ya ladha. Hakufanya hivyo. Aliinama akatazama chini. Aliona mchanga mweupe uliochanganyika na changarawe, ardhi ambayo mtu angedhani haioteshi kitu. Aliona mteremko unaoelekea magharibi. Wafanyabiashara wakamhakikishia kuwa shamba la jirani, lililotenganishwa na hili kwa mtaro tu, lenye udongo ambao kwa macho ni ule ule, halitoi divai nzuri kama hii. Aliandika pia juu ya bei: kipimo cha mapipa manne kilichokuwa kikiuzwa écu 50 au 60 miaka michache kabla kilikuwa kimefika 80 hadi 100, na lawama akawatupia Waingereza wenzake, matajiri wafuasi wa fasheni, waliokuwa wakiagiza kilicho bora kwa bei yoyote ile. Mtaro na bei: hayo mawili ndiyo aliyoondoka nayo mwanafalsafa.

Ule udongo maskini una siri yake, na wataalamu wa leo wanaweza kuieleza. Changarawe huyapitisha maji upesi, mzizi ukalazimika kwenda chini kuyatafuta. Mchana mawe hupokea joto na usiku huyarudishia matunda. Mzabibu ulioshiba huota majani, ule wenye njaa kidogo huweka nguvu zake katika tunda. Na kwa kuwa jiji limelizunguka shamba pande zote, hewa yake ina joto zaidi kidogo, nayo mavuno aghalabu huwahi. Mizabibu ni hasa ya aina za merlot, cabernet sauvignon na cabernet franc, katika eneo lisilozidi sana hekta 50.

Na ladha yenyewe? Waonjaji wana utaratibu wao. Bilauri huinamishwa juu ya kitambaa cheupe ili rangi ionekane ukingoni, ambako divai changa huwa ya zambarau na ya makamo huelekea rangi ya tofali. Kisha huzungushwa, pua ikatangulia mbele ya mdomo. Katika Haut-Brion husemwa kuna moshi, tumbaku, na harufu ya ardhi iliyopigwa jua kutwa nzima. Mwisho hunyweka funda dogo, likazungushwa kinywani, na mara nyingi likatemwa, kwa sababu mwonjaji wa kazi anayemeza hafiki mwisho wa meza akiwa na akili zake.

Hapa nakiri kuwa Kiswahili kina deni dogo na utajiri mkubwa. Deni ni kuwa hatuna istilahi za ghala la divai. Utajiri ni kuwa tuna neno ukakasi. Kile kinachokamata ulimi na fizi katika divai nyekundu changa, kinachotoka katika maganda, mbegu na mbao za pipa, Mfaransa hukieleza kwa kutaja vitu vinavyotumika kutengenezea ngozi. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kung'ata bibo kabla halijaiva hahitaji ufafanuzi huo, anao mdomoni. Tuna ugwadu, tuna uchachu, tuna ukali na uchungu, na hakuna hata kimoja kinachoweza kushika nafasi ya kingine. Mtu aliyezoea kutofautisha karafuu iliyoanikwa vyema na ile iliyovundikwa ikapoteza mafuta yake, au udi wa kweli na wa kuchanganya, tayari anafahamu kuwa pua husomeshwa kama jicho linavyosomeshwa herufi. Divai kubwa, husema wajuzi wake, ni ile ambayo ukakasi wake hulainika kwa miaka bila ya kupotea. Divai isiyokuwa na ukakasi tangu mwanzo haina cha kulainisha.

Lakini hakuna haki kuizungumzia Bordeaux ya karne ya kumi na nane kwa pua na ulimi pekee. Utajiri uliojenga nyumba zile za mawe kando ya mto Garonne haukutoka katika zabibu peke yake. Ulitoka Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, katika sukari na kahawa iliyolimwa na watumwa. Meli ziliondoka na divai na unga, zikarudi na sukari. Na kando ya biashara hiyo ya moja kwa moja, wenye meli wa Bordeaux waliandaa zaidi ya safari 400 za kununua watu, zilizowachukua kati ya 120,000 na 150,000 kutoka Afrika. Nyingi zilikwenda magharibi. Baadhi, hasa baada ya 1783, zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika pwani ya Msumbiji. Kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa mwingine, Morice, ambaye hakuwa na uhusiano na Bordeaux bali na visiwa vya Mascarene, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Dunia iliyoinywa divai ile kwa bilauri za kioo ndiyo iliyokuja kugonga hodi Kilwa, na Kilwa, tusifiche, ilifungua mlango.

Sisemi kuwa mizabibu ya Haut-Brion ilipaliliwa na watumwa. Haikupaliliwa na watumwa, ilipaliliwa na wakulima na vibarua wa huko huko. Nasema bandari ilikuwa moja na mfuko wa fedha ulichangamana. Mwaka 2009 makumbusho ya Aquitaine ilifungua vyumba vya kudumu juu ya habari hii, na mwaka 2019 jiji lilisimamisha kando ya mto sanamu ya Modeste Testas, mwanamke aliyetekwa utotoni upande wa mashariki ya Afrika, yamkini Ethiopia, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux na kupelekwa Saint-Domingue. Jina lake la mwanzo lilikuwa Al Pouessi. Katika mji ambamo kila shamba la divai linadai jina lake lisiguswe, yeye alibadilishiwa jina na kupewa la waliomnunua.

Thomas Jefferson alifika Haut-Brion katika wiki ya mwisho ya Mei 1787, wakati huo akiwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris. Kama Locke, alitazama udongo, akaandika juu ya mchanga na changarawe. Aliorodhesha mashamba manne ya daraja la kwanza, Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite, miaka 68 kabla ya serikali kufanya hivyo. Ulimi wake ulikuwa wa kuaminika. Huko Paris jikoni mwake alikuwamo James Hemings, mtumwa wake, aliyeletwa kutoka Virginia kusudi asomee upishi wa Kifaransa. Kijana yule alijifunza vyema, na mwaka 1796 akapata uhuru wake kwa sharti la kumfundisha mwingine kwanza. Haijulikani kama kuna aliyemuuliza Hemings anaonaje ladha ya kitu chochote.

Mapinduzi yalipita juu ya shamba kama yalivyopita juu ya kila kitu. Joseph de Fumel, mrithi wa akina Pontac na meya wa Bordeaux mwaka 1790, alikatwa kichwa Julai 1794, mwezi ule ule aliokatwa Robespierre. Talleyrand alilimiliki kuanzia 1801 hadi 1804. Wamiliki wengine walifuata ambao si lazima kuwataja.

Mwaka 1855 Napoléon wa Tatu alitaka divai za Bordeaux zipangwe madaraja kwa ajili ya maonyesho makuu ya Paris. Kazi walipewa madalali, nao waliikamilisha kwa siku chache tu za mwezi Aprili. Msomaji atadhani kulikuwa na meza ndefu, bilauri, na wazee wenye pua kali. La. Walichukua madaftari yao ya mauzo wakapanga kwa bei: iliyouzwa ghali tangu zamani ikawa ya kwanza. Haut-Brion iliingia daraja la juu kabisa pamoja na zile tatu za Jefferson, na ndiyo divai nyekundu pekee katika orodha nzima isiyotoka wilaya ya Médoc. Bei yake haikuruhusu iachwe nje. Orodha hiyo ingalipo, na mabadiliko yake makubwa yalikuwa moja, la 1973, Mouton ilipopandishwa daraja. Ladha ya Pepys ikawa jina, jina likawa bei, na bei ikawa hukumu ambayo haikuhitaji tena ulimi.

Ulimi ulirejeshewa nafasi yake tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza Steven Spurrier, muuza divai wa Paris, aliwakusanya waamuzi tisa wa Kifaransa, akawapa divai za California na za Ufaransa bila ya kuwaonyesha majina. Miongoni mwa nyekundu ilikuwamo Haut-Brion ya mwaka 1970. Ya kwanza ikatoka California, Stag's Leap ya 1973. Mouton ikawa ya pili, Montrose ya tatu, na Haut-Brion ya nne. Yalizuka makelele, na wapo waliosema divai za Bordeaux zilikuwa bado changa mno, hoja isiyokosa uzito. Mimi nawaonea huruma kidogo waamuzi wale. Tunajua hapa kwetu inavyokuwa pale shairi linaposomwa bila ya jina la mtunzi, na waliozoea kuliwazwa na jina wakawa wanatazamana.

Shamba lilikuwa limeshapita mikononi mwa Mmarekani, Clarence Dillon, mfanyabiashara wa benki, aliyelinunua mwaka 1935, na wajukuu zake ndio wanaolimiliki mpaka leo. Mwaka 1983 familia hiyo ilinunua pia La Mission Haut-Brion, jirani wa miaka mingi na mshindani wa miaka mingi, aliyepo ng'ambo ya barabara. Mmiliki akawa mmoja, watunzaji wa divai wakawa walewale, changarawe ni ileile kwa macho. Hata hivyo zabibu za pande mbili za barabara hazichanganywi. Kila upande una mapipa yake, na kila upande una chupa na jina lake.